Kangaga Ndani ya Chombo cha Kioo

Hapa Nakwa kila mtu ajua kupanda: hutoboa shimo, hutia mche, hufukia. Lakini mwenye kuipeleka desturi hiyo katika chombo cha kioo cha kufugia samaki hupoteza kangaga lake kwa muda wa majuma machache. Kangaga la majini lina shina nene litambaalo, mfano wa tangawizi, nalo likifukiwa mchangani huoza. Majani huwa meusi kuanzia chini, na mwenyewe hudhani kwamba maji ni mabaya.

Basi yafaa kulifunga kwa uzi wa pamba juu ya jiwe, au juu ya kipande cha mti mgumu kilichokwisha kulowekwa. Mizizi yake kazi yake kubwa ni kushikilia. Chakula mmea hukipata katika maji yenyewe. Uzi utakapooza, mizizi itakuwa imekwisha kulishika jiwe.

Yapo mawili yapendwayo sana. La Java, ambalo wataalamu waliita Microsorum pteropus, asili yake Asia, nalo lavumilia hata maji yaachayo utandu mweupe ndani ya birika. La pili ni la kwetu Afrika, Bolbitis heudelotii, liotalo juu ya miamba ya mito tangu Senegali hata Ethiopia. Hilo lataka maji laini yatembeayo. Asiye na pampu ndogo na aanze na la Java. Kwa macho yetu la Afrika ni zuri zaidi, walakini lahitaji saburi, maana hukua polepole mno.

Chombo kisiwekwe juani. Jua kali huleta utelezi wa kijani, nao hufunika majani na kuyanyima mwanga. Maji ya bomba yenye dawa yakae wazi siku moja au mbili kabla ya kutiwa.

Walimu, msiogope mkiona madoa ya rangi ya kahawia chini ya jani: kangaga halina ua wala mbegu, na madoa hayo ndiyo yenye vumbi la uzazi. Waonyesheni watoto kwa kioo cha kukuzia. La Java huzaa hata vitoto juu ya majani yake, navyo vyaweza kutengwa vikiisha kupata mizizi.

Tena liko neno zito kwetu tulao samaki wa Ziwa Babati. Salvinia molesta ni jamaa ya makangaga, asili yake Brazili, lielealo juu ya maji. Mwaka 1939 lililetwa Colombo kwa ajili ya masomo tu, likatoroka. Katika ziwa la Kariba, mwaka 1962, lilifunika kilomita za mraba zipatazo 1,000, mitumbwi isipate njia. Kwa hiyo maji ya chombo yamwagwe shambani, mbali na mto na ziwa, na mabaki ya majani yaanikwe juani hata yakauke kabisa.