Saundi kadi: Kisanduku kidogo kinachobeba studio za nyumbani Afrika Mashariki

STUDIO ya muziki katika miji ya Afrika Mashariki siku hizi yaweza kuwa chumba cha kulala tu: kompyuta mezani, maikrofoni moja na godoro lililosimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Sauti inaweza kurekodiwa Mwanza, mdundo ukatengenezwa Kampala na wimbo ukachanganywa Nairobi, bila wahusika kukutana ana kwa ana.

Ushirikiano wa namna hiyo umeshazaa matunda. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Sounds of Sisso, iliyokusanya singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Muziki wa uswahilini ulivuka mpaka wa nchi jirani, na kupitia huko ukawafikia wasikilizaji wa Ulaya.

Kwa anayeanza kurekodi nyumbani, kifaa kinachomsumbua zaidi kukichagua ni kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta kwa waya wa USB. Mafundi hukiita saundi kadi. Umeme unaotoka kwenye maikrofoni ni dhaifu mno. Saundi kadi huukuza, huugeuza kuwa namba ambazo kompyuta inazielewa, kisha huzirudisha namba hizo kuwa sauti ya kusikilizwa kwenye hedifoni au spika.

Wengi hununua kwa kufuata jina au wingi wa matundu. Mwanamuziki anayejichanga kwa miezi kadhaa hana nafasi ya kununua mara mbili, hivyo ni heri ajiulize maswali machache kabla ya kutoa fedha.

Kinarekodiwa nini?

Swali la kwanza ni vitu vingapi vitarekodiwa kwa wakati mmoja. Msanii wa kufokafoka anayefanya kazi peke yake anahitaji njia moja ya maikrofoni. Anayeimba huku akipiga gitaa anahitaji mbili. Kinanda kinachotoa sauti ya kushoto na kulia kinachukua njia mbili peke yake. Hii ndiyo tofauti kati ya Focusrite Scarlett Solo, yenye njia moja ya maikrofoni na moja ya ala, na Scarlett 2i2, inayopokea maikrofoni mbili.

Kundi la ngoma za Burundi halihitaji maikrofoni kwa kila ngoma. Maikrofoni mbili zikiwekwa mbele ya kundi, mbali kidogo na wapigaji, hutoa picha nzuri ya kundi zima kwa saundi kadi ya njia mbili.

Ala za sauti ya chini kama inanga ya Rwanda na Burundi hurekodiwa vizuri kwa maikrofoni ya kondensa, ambayo inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi. Mnunuzi atafute kitufe kilichoandikwa “48V”. Gitaa la umeme huchomekwa kwenye tundu la ala, lenye alama ya “Inst” au picha ya gitaa. Likichomekwa kwenye njia ya kinanda, sauti hufifia na kupoteza makali yake.

Kelele za mtaa

Kondensa inasikia kila kitu: bodaboda, jogoo wa jirani na mvua kwenye bati. Katika chumba kisichozuia kelele, maikrofoni ya dainamiki inayowekwa karibu na mdomo hufaa zaidi na haihitaji volti 48.

Tatizo ni kwamba baadhi ya dainamiki hutoa umeme mdogo sana. Shure SM7B, maarufu kwa watangazaji na waimbaji, inahitaji kukuzwa kwa takriban desibeli 60. Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu inakuza hadi desibeli 56, wakati ile ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2023, inafika 69. Kisanduku cha zamani kitalazimisha kitufe kufikia mwisho, na sauti bado itakuwa ndogo. Kwa hiyo maikrofoni na saundi kadi zichaguliwe pamoja.

Kompyuta au simu?

Mwimbaji husumbuka anapoisikia sauti yake kwenye hedifoni ikiwa imechelewa. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu. Fungu la sampuli 128, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni chini ya milisekunde 3. Fungu la sampuli 1,024 ni zaidi ya milisekunde 21, na muda huo huongezeka kwa kuwa sauti lazima iingie na kutoka.

Kompyuta dhaifu hukwaruza sauti kwenye mafungu madogo. Mwenye kompyuta ya namna hiyo achague saundi kadi inayomwezesha kujisikia moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku, kabla sauti haijapita kwenye kompyuta. Kitufe chake huandikwa “Direct”.

Kwa watumiaji wa Windows, jambo jingine ni programu ya ASIO iliyotengenezwa na kampuni ya saundi kadi yenyewe. Bila hiyo mtumiaji hutegemea programu za jumla, na ucheleweshaji unaweza kuongezeka. Kompyuta za Apple hazihitaji ASIO.

Wasiokuwa na kompyuta wanaweza kutumia simu, mradi saundi kadi iwe ya aina inayotambuliwa bila programu ya ziada. Hata hivyo, baadhi ya simu haziwezi kuipa umeme wa kutosha, na huhitajika kigawio cha USB chenye chaja yake.

Umeme na plagi

Saundi kadi ndogo nyingi hula umeme wa USB pekee. Katika miji ambako umeme hukatika, hiyo ni faida kubwa: betri ya laptopu inaendesha studio nzima hadi wimbo ukamilike. Kutumia betri pia mara nyingi huondoa mvumo unaoletwa na chaja isiyo na waya wa ardhi.

Visanduku vikubwa vyenye chaja yake vina tatizo lake kwa wasanii wanaosafiri. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia zaidi plagi za pini tatu za mraba. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi za pini za duara. Anayetoka Dar es Salaam kwenda kurekodi Bujumbura abebe adapta, au achague kisanduku kisichohitaji chaja.

Mafaili yanayovuka mipaka

Matangazo ya saundi kadi husifu kasi ya sampuli 192,000. Kwa anayetuma kazi nchi jirani kwa bando la simu, namba hiyo ni mzigo. Njia moja iliyorekodiwa kwa biti 24 na sampuli 48,000 inachukua takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye njia kumi hufika takriban megabaiti 346. Kwa sampuli 96,000 mzigo huo huongezeka maradufu, na kwa 192,000 huwa mara nne.

Penye faida ya kweli ni biti. Biti 24 humruhusu msanii kurekodi kwa kiwango cha chini kidogo bila kuogopa kelele za mashine, hivyo akipaza sauti ghafla haipasuki. Behringer UM2, ambayo ni ya bei nafuu, inaishia biti 16. UMC202HD ya kampuni hiyohiyo inafika 24. Kwa wenye kushirikiana kuvuka mipaka, biti 24 na sampuli 48,000 ni makubaliano yanayotosha.

Mpakani

Wapo wanaofikiri kwamba kifaa kilichonunuliwa Nairobi kitapita Namanga bila ushuru kwa sababu nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Si lazima iwe hivyo. Utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Saundi kadi hizi zinatengenezwa nje ya Jumuiya, hivyo duka la Nairobi halizipi asili ya Kenya.

Kodi ya ongezeko la thamani nayo hutofautiana: kiwango cha kawaida ni asilimia 16 Kenya, na asilimia 18 Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Bei iliyoonekana kuwa nafuu ng’ambo ya mpaka huweza kulingana na ya nyumbani baada ya kujumlisha ushuru na nauli. Mnunuzi aulize forodha kwanza, atunze risiti, na anayesafiri na kifaa chake cha kazi abebe risiti hiyo kila anapovuka.

Kabla ya kulipa

Iwe Luthuli jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam, kifaa kijaribiwe dukani, hasa kikiwa cha mtumba. Mnunuzi aende na laptopu yake, maikrofoni na hedifoni. Ajaribu kila njia, awashe volti 48 kama maikrofoni ni ya kondensa, kisha aongeze ukuzaji bila mtu kusema na asikilize kama kuna mvumo. Atikise waya wa USB polepole. Sauti ikikatika, tundu limelegea. Ahakikishe pia kwamba kampuni bado inatoa programu ya toleo la Windows analotumia.

Akiridhika, abakize fedha za waya mzuri wa maikrofoni na hedifoni zilizofunika masikio. Hedifoni za wazi huvujisha mdundo hadi kwenye maikrofoni, na prodyuza wa nchi jirani atakayepokea sauti hiyo hataweza kuutoa.