Kwa nini bilauri hupasuka kwa chai ilhali bakuli la oveni huhimili moto

WENGI wamewahi kumimina chai moto kwenye bilauri baridi na kuisikia ikipasuka kwa mlio mkali. Aghalabu lawama humwendea muuzaji kwa madai kwamba bidhaa yake ni duni. Hata hivyo, chanzo hasa ni viungo vilivyoyeyushwa kukiunda kioo chenyewe, na viwili kati ya vitatu vikuu huchimbwa katika Kaunti ya Kajiado.

Msingi wa kioo ni silika, madini yaliyojaa katika mchanga mweupe. Silika tupu haiyeyuki hadi joto likaribie nyuzi 1,700 za Selsiasi, kiwango ambacho ni ghali mno kukifikia. Ndiyo maana waunda vioo wa tangu enzi za kale walichanganya mchanga na magadi.

Mpishi wa Kenya hahitaji kufafanuliwa magadi ni nini, kwani huyatia kwenye sufuria ya githeri ili maharagwe yaive upesi. Kazi yake ndani ya tanuri inashabihiana na hiyo, ingawa kemia yake ni tofauti. Katika silika, kila atomi ya silikoni hushikana na atomi nne za oksijeni, na kila oksijeni huunganisha silikoni mbili, mithili ya wavu uliofumwa pande zote. Sodiamu iliyomo katika magadi hukata vifundo vya wavu huo hapa na pale. Wavu hulegea, na mchanganyiko huyeyuka kwa joto la chini zaidi.

Katika Ziwa Magadi, kusini mwa kaunti hiyo, madini hayo yamechimbwa kwa biashara tangu kampuni ya Magadi ianzishwe mwaka 1911. Sasa kazi hiyo inaendeshwa na Tata Chemicals. Magadi ghafi huchomwa ili kuondoa maji na sehemu ya hewa ya kaboni, kisha unga mweupe unaobaki husafirishwa kwa reli inayopitia mjini Kajiado hadi Konza. Kote duniani, takriban nusu ya unga wa aina hiyo hutumiwa na viwanda vya vioo.

Lakini magadi yana dosari. Kioo cha mchanga na magadi pekee huyeyuka majini. Kwa kweli, mchanganyiko huo huuzwa kama kimiminika kizito cha kutengenezea sabuni na gundi. Lau bilauri ingeundwa hivyo, ingelika kidogo kidogo kila inapotiwa chai.

Hapo ndipo chokaa huingia. Kalisiamu iliyomo hushikilia oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko sodiamu, na hivyo kuuimarisha wavu dhidi ya maji. Mawe ya chokaa na marumaru si haba Kajiado. Kioo cha kawaida cha dirisha, chupa au bilauri huwa na silika asilimia 70 hivi, oksaidi ya sodiamu kati ya asilimia 13 na 15, na oksaidi ya kalisiamu takriban asilimia 10.

Nafuu hiyo ya kuyeyuka kwa urahisi ina gharama yake. Ufito wa kioo cha kawaida wenye urefu wa mita moja, ukipashwa joto kwa nyuzi 100 zaidi, hurefuka kwa takriban milimita 0.9. Chai inapogusa bilauri, upande wa ndani hutanuka ilhali wa nje ungali baridi na umevutwa kwa nguvu. Kioo huhimili kubanwa, lakini ni dhaifu mno kinapovutwa. Bilauri nene, ambayo wengi huidhania kuwa imara, ndiyo hupasuka upesi kwa kuwa joto huchelewa kuipenya.

Mwishoni mwa karne ya 19, mwanakemia Mjerumani Otto Schott alipunguza sodiamu na kuongeza boroni. Kioo cha jamii hiyo, chenye silika takriban asilimia 80 na oksaidi ya boroni asilimia 13 hivi, hurefuka theluthi moja tu ya kile cha kawaida. Ndicho kitumikacho maabarani na katika vyombo vingi vya oveni. Si vyote, kwani baadhi huundwa kwa kioo cha kawaida kilichokazwa kwa joto.

Tofauti hizo si za vitabuni tu. Kitengela, ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha karakana ya vioo vya rangi. Mwanawe, Anselm Croze, huyeyusha vioo vikuukuu vya madirisha na kuvipuliza kuwa bilauri na mapambo.

Kwa fundi wa aina hiyo, kuchanganya taka ni kujitafutia hasara. Kipande cha bakuli la oveni kikipenyeza tanurini, hubaki donge kwa kuwa hakiyeyuki kwa joto lile. Chombo kinapopoa, donge hilo husinyaa kidogo kuliko kioo kinachokizunguka, na ufa hutokea papo hapo au siku kadhaa baadaye, kikiwa tayari mikononi mwa mnunuzi. Hata kilicho safi sharti kipozwe polepole kwa saa nyingi kutoka nyuzi 500 na kitu.

Rangi nayo ni kemia. Ukingo wa kioo cha dirisha huonekana kijani kwa sababu ya chembe za chuma zilizomo mchangani. Kobalti kidogo tu huleta samawati. Chuma pamoja na salfa huipa chupa ya bia rangi ya kahawia, ambayo huzuia mwanga usiharibu kinywaji. Rangi hizo hazitoki kwa kuyeyushwa upya, hivyo shehena ya chupa zilizochanganywa hukosa thamani kwa anayetaka kioo cheupe.

Vioo vya pembeni vya magari huwachanganya wakusanyaji kwa jinsi vinavyovunjika kuwa punje. Muundo wake ni ule ule wa dirisha la nyumba, ila vilipozwa ghafla kwa hewa kiwandani. Mradi rangi ilingane, tanuri huvipokea. Kioo cha mbele ndicho huleta taabu, kwa kuwa kina utando wa plastiki katikati ambao ni lazima ubanduliwe kwanza.