Volkswagen Kuukuu Haitaki Haraka

Ijumaa moja nilitoka Majengo, kanzu imepigwa pasi, nikaipeleka Volkswagen yangu ya 1962 kutiwa petroli. Msinicheke, wasomaji, aina hiyo ndiyo iliyoshinda mbio za Safari mwaka huo huo. Tangi lake, la lita 40 hivi, liko mbele, chini ya boneti, na mdomo wake unatazama juu.

Kijana wa pampu akabana mkono wa pampu hadi mwisho. Mara petroli ikaruka! Ikalowesha kanzu, ikachuruzika juu ya rangi, ikampata na yeye machoni. Tukamwosha kwa maji robo saa nzima, kisha nikampeleka hospitali. Sala ikanipita.

"Mzee, gari lako lina wazimu," akaniambia njiani.

Halina. Petroli ikiingia, hewa iliyomo lazima itoke. Pampu ikisukuma kwa kasi, au kipumulio cha tangi kikiziba, hewa hupandia mdomoni na kuyarusha mafuta.

Nimekwisha kuzibua kipumulio. Sasa namsihi kijana atie polepole, asimame kabla tangi halijajaa. Wa nyuma wakipiga honi, na wapige.