Tufani ni ya Siku Moja, Mkarafuu ni wa Miaka

Wanachama watukufu,

Wako wenzetu wasemao kwamba visiwa vyetu havipatwi na tufani. Maneno haya yana ukweli kidogo na hatari kubwa. Ukweli wake ni kuwa tufani huzunguka kwa sababu dunia yenyewe inazunguka, na nguvu hiyo ya kuupinda upepo ni dhaifu sana karibu na Ikweta. Pemba iko kiasi cha digrii 5 kusini ya Ikweta, na Unguja kiasi cha digrii 6. Kwa hivyo tufani nyingi za Bahari ya Hindi hupita mbali kusini, zikaelekea Bukini na Msumbiji. Hatari yake ni kuwa jambo lililo nadra hudhaniwa kuwa haliwezekani.

Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash bin Said, tufani iliipiga Unguja. Vyombo vilitupwa pwani, nyumba zikaanguka, na mashambani kiasi cha thuluthi mbili za mikarafuu na minazi ziliangamia. Pemba ilinusurika karibu yote. Kabla ya siku ile Unguja ndiyo iliyokuwa na karafuu nyingi. Baada yake Pemba ikaishika nafasi hiyo, wala haijaiachia mpaka leo. Siku moja ya upepo ilibadilisha hali ya visiwa viwili kwa zaidi ya karne.

Tena tukumbuke ni mikono ya nani iliyopanda upya. Mkataba wa Juni 1873 ulikataza biashara ya watumwa baharini, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria hapa illa mwaka 1897. Mwenye shamba alipoteza miti. Mtumwa aliongezewa kazi, na shamba hakuwa nalo.

Tufani hazikukoma hapo. Aprili 1952 mji wa Lindi ulipigwa. Aprili 2019 Kenneth ilipita Ngazija na kuendelea hadi Msumbiji. Mei 2024 Hidaya ilifika pwani yetu upande wa Mafia, ikiwa imekwisha kupungua nguvu.

Sasa tutazame kwa nini mkarafuu huumia kuliko mazao mengine. Mizizi yake mingi iko juu juu, kichwa chake ni kizito na hakipukutishi majani, na matawi yake ni mepesi kuvunjika. Mvua kubwa hulainisha udongo, kisha upepo husukuma. Jicho la tufani likipita juu ya shamba, huwa shwari kwa muda, halafu upepo hurudi kwa upande wa pili. Mti uliolegea kwa pigo la kwanza huanguka kwa la pili. Watu nao hudhurika vivyo hivyo, kwa kutoka nje wakidhani mambo yamekwisha.

Mgomba ukianguka, machipukizi yake hutoa ndizi baada ya mwaka hivi. Muhogo uliolazwa huweza kuchimbwa na kuliwa, ila uchimbwe upesi kabla maji hayajauozesha. Lakini mkarafuu mpya huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, na zaidi ya hapo kufikia mavuno kamili. Aliyepoteza shamba akiwa na miaka hamsini atakuwa anawapandia watoto wake.

Wenzetu wa kisiwa cha Grenada, katika bahari ya Karibi, wanaijua hesabu hii. Kwao kungumanga ni kama karafuu kwetu. Tufani Janet ya Septemba 1955 iliiangusha sehemu kubwa ya mikungumanga yao, na wengi wakapanda migomba ili wapate fedha ya karibu. Miti ikarudi polepole. Tarehe 7 Septemba 2004 ikaja Ivan, ikaharibu kiasi cha nyumba tisa katika kila kumi na mikungumanga mingi mno. Hata ilipopita miaka kumi, mavuno hayakuwa yamerudi kama zamani.

Puerto Rico nako kuna somo jingine. Katika msitu wa Luquillo wataalamu wamekuwa wakipima miti katika viwanja maalumu tangu miaka ya 1940. Zilipokuja Hugo mwaka 1989 na Maria mwaka 2017, walirudi kwenye miti ile ile wakajua upi ulikufa na upi ulivunjika tu. Waliona kuwa miti mingi iliyopukutishwa majani ilichipua tena. Wangeijuaje hali hiyo kama hawakuhesabu kabla?

Hapo ndipo penye nia ya makala haya. Wengi wetu tunajua magunia tuliyouza, lakini hatujui idadi ya mikarafuu yetu. Shamba likilala chini, tutadai msaada kwa hesabu gani? Basi, kila mwanachama aandike katika daftari miti yake: mikubwa inayozaa, michanga, na iliyokufa; kisha nakala aihifadhi kwa jamaa aliye mbali na shamba.

La pili, kitalu kisikose miche, hata mwaka ambao hatuna haja nayo. Tufani ikipita kila mtu atataka miche kwa siku moja, na miche haioteshwi kwa siku moja. La tatu, shamba lisiwe la karafuu peke yake: muhogo, migomba na minazi ndiyo itakayotulisha katika ile miaka ya kungoja. La nne, baada ya upepo tusiwe na haraka ya shoka. Mche ulioinama uinuliwe upesi, mizizi ifukiwe, uwekewe mhimili. Mti uliovunjika matawi ukatwe vizuri kwa msumeno, kisha upewe muda wa kuchipua kabla ya kuhukumiwa.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni wajibu, na kujitengeneza kabla ya balaa ni katika huko kumtegemea. Madaftari yaanze mwezi huu, yakaguliwe katika mkutano wetu ujao.

Wenu katika kazi,
Katibu