Je, Wajua? Prosesa ya dola 499 iliyoitikisa Intel

Je, wajua kwamba AMD, hasimu mkubwa wa Intel, iliwahi kutengeneza prosesa za Intel kwa idhini? IBM, iliyotumia prosesa za Intel kwenye kompyuta zake, haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja, hivyo mwaka 1982 AMD na Intel zikatia saini mkataba. Baadaye zikafikishana mahakamani.

Ushindani wao ukaendelea, na Machi 2017 AMD ilitoa prosesa ya Ryzen 7 1800X: viini vinane (yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) kwa dola 499. Intel nayo ilikuwa na prosesa ya viini vinane, Core i7-6900K, ila bei yake ilizidi dola 1,000! Kwenye kazi nzito kama kuchakata video, Ryzen ilikwenda nayo sambamba.

Kwenye michezo ya kompyuta mambo yalikuwa mengine. Huko ilitamba Core i7-7700K ya Intel, yenye viini vinne tu na bei ya chini kuliko zote mbili, kwa sababu michezo mingi ya wakati ule haikuweza kuvigawia kazi viini vyote.

Hata hivyo Intel ilishtuka. Baada ya takriban miaka minane ya kuuza prosesa za i7 zenye viini vinne kwa ajili ya kompyuta za kawaida za mezani, Oktoba 2017 ikatoa Core i7-8700K yenye sita.