Uki: Kinywaji Kisicho na Hati

Si kila divai yenye povu iitwayo shampeni. Tangu 1936 sheria ya Ufaransa imelihifadhi jina hilo kwa mashamba ya mkoa wa Champagne pekee. Mkulima wa Loire au Alsace, hata akiifuata njia ile ile ya kutia chachu na sukari chupani ili divai ichachuke mara ya pili, hana ruhusa ya kulitumia. Basi wakulima hao, katika miaka ya 1970, walijipatia jina lao, crémant, wakalifungia masharti: zabibu zichumwe kwa mkono, nayo divai ilale juu ya machicha ya chachu kwa miezi isiyopungua 9. Hivi leo familia yenye shamba dogo huko huuza chupa nzuri kwa bei iliyo chini sana ya shampeni, na mnunuzi asiyemjua muuzaji anakijua anachokinunua.

Nimeyataja haya kwa ajili ya Kitui na Makueni, ambako nyuki ni mali tangu enzi za mababu. Asali inayorinwa huko ndiyo asili ya uki, kinywaji cha wazee wa Kikamba. Asali huchanganywa na maji kibuyuni, kikatiwa tunda la mwegea lililokaushwa, kisha kibuyu kikawekwa mahali penye joto. Tunda hilo haliongezi utamu. Kazi yake ni kuihifadhi chachu katika nyuzi zake, ndiyo maana huanikwa na kutumiwa tena na tena. Chachu hula sukari, hutoa kileo na hewa ya kaboni, na povu hupanda. Kanuni ni ile ile ya Loire, ila kibuyu hakizibwi kama chupa.

Uki haukuwa wa kila mtu. Vijana walikatazwa, na wanafunzi wanaosoma safu hii wasinielewe vibaya. Ulipelekwa kwa baba wa msichana wakati wa posa, na sehemu yake ilimwagwa ithemboni kwa ajili ya wahenga. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeandika juu ya Wakamba mwanzoni mwa karne ya 20, aliieleza pombe yao kwa makini yasiyoonekana katika taarifa nyingi zetu za habari.

Katika taarifa hizo kuna neno moja tu: pombe haramu. Ndani yake hutumbukizwa chang'aa iliyokenekwa, uki uliochachushwa, na kemikali zinazopofusha watu. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 iliifuta marufuku ya chang'aa na kufungua mlango wa leseni, lakini leseni yenyewe hudai viwango na vifungashio ambavyo mama mwenye vibuyu vitatu hawezi kuvimudu. Isitoshe, jina lenyewe limelegea. Siku hizi kinachoitwa uki au kaluvu huenda kimetengenezwa kwa miwa, au kwa sukari ya dukani, pasipo tone la asali. Mnywaji hana njia ya kujua. Mrina asali naye hapati ziada yoyote kwa uaminifu wake, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Mkataba wa kimataifa wa haki za ubunifu katika biashara, uliotiwa saini mwaka 1994, unayapa majina ya mahali ya mvinyo na vileo vikali ulinzi mkubwa kuliko ya bidhaa nyinginezo. Walioketi mezani walikuwa na mashamba ya mizabibu nyumbani. Hapakuwa na wa kuutetea mzinga. Hata hivyo sheria yetu ya alama za biashara inakiruhusu chama kusajili alama ya pamoja. Warina asali wa Mwingi au Kibwezi wakiandika masharti yao, kwanza kabisa kwamba pasipo asali hapana uki, watakuwa wameanza pale walipoanzia wa Loire.

Na neno lenyewe lina nasaba. Divai tumeipata kwa Wafaransa, mvinyo kwa Wareno, asali kwa Waarabu. Lakini Mkamba humwita nyuki nzuki, na uki kwake ni asali na pia pombe yake; Mnyarwanda huita asali ubuki. Shina ni moja, kiambishi ndicho kinachobadilika. Mwalimu wa Kiswahili wa Mutomo au Wote anaweza kuyaandika maneno hayo ubaoni, kisha akawatuma wanafunzi kwa nyanya zao wakaulize jina la tunda, la kibuyu, na la povu linapoanza kupanda.