Somo la kwanza la kayaki ni kupinduka

Ukimwona mtu anayejua kuendesha kayaki baharini utadhani ni kitu rahisi tu: unakaa, unanyoosha miguu, unapiga kafi kulia, unapiga kushoto, unakwenda. Na kwa kweli bahari ikiwa shwari, hata wewe ambaye hujawahi kushika kafi utafika mita mia bila shida. Tatizo ni kwamba hizo mita mia hazikufundishi chochote kuhusu siku ambayo mambo yataharibika.

Kwa nini basi ufundishwe mapema kabisa, kabla hujazoea? Kwa sababu kwenye kayaki, kile ambacho mwili wako unataka kufanya ukishtuka mara nyingi ndicho kinachokupindua.

Anza na wimbi. Wimbi linalovunjika likikujia ubavuni, mwili unataka kulikwepa kwa kuegemea upande wa pili. Ukifanya hivyo, ubavu wa upande huo unazama, wimbi linasukuma ule ulioinuka, na umekwisha. Mwalimu atakuambia ulilalie wimbi lenyewe na kuegemeza kafi juu ya povu. Inasikika kama wazimu, sivyo? Lakini kumbuka kayaki ya baharini ina upana wa sentimita 55 hadi 60 hivi, na haina matengo kama ngalawa. Unabaki wima ilmradi uzito wako uko juu ya eneo ambalo maji yanakusukuma kwenda juu. Mgeni akiogopa hukakamaa, kiwiliwili na chombo vinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo chombo kikiinama naye anakwenda nacho. Aliyefundishwa hulegeza nyonga: kayaki inacheza chini yake, yeye katulia.

Halafu kichwa. Umepinduka, uko chini ya maji, unataka hewa, kwa hiyo unatanguliza kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikiwa majini, maji yanakibeba. Ukikitoa nje, mzigo huo wote unaubeba wewe, na unapoubeba unakirudisha chombo chini. Anayejua hugeuza kayaki kwanza kwa nyonga, kichwa kinatoka mwisho. Wawindaji wa Greenland, ambako chombo hiki kilipata jina lake, walikuwa mabingwa wa mchezo huu, maana kule kutoka nje ya chombo ni kuingia kwenye maji ya barafu.

Hapa ndipo neno "mapema" lina uzito wake. Ubongo huhifadhi mwendo wa misuli kwa kuurudia, na hauchagui: mwendo mbaya nao unahifadhiwa vilevile. Ukishapiga kafi miezi sita kwa mikono tu badala ya kuzungusha kiwiliwili, mwalimu atakuwa na kazi mbili, kufuta na kuandika upya. Na ukishtuka, unarudi kwenye kile ulichokizoea zaidi.

Kuna pia mambo ambayo hayaonekani ukiwa umesimama ufukweni. Upepo unaotoka nchi kavu ni mfano mzuri. Karibu na pwani maji yanakuwa laini, yanakukaribisha, kisha kadiri unavyokwenda mbali upepo unazidi kukusukuma nje. Tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi wanane walitoka Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, pamoja na mwalimu wao wa shule na wakufunzi wawili wenye vyeti vya ngazi ya chini. Upepo uliwapeleka nje, mawimbi yakajaza kayaki zao. Wanafunzi wanne walikufa. Mwaka 1995 Uingereza ikapitisha sheria ya kuvipa leseni vituo vinavyowafundisha watoto michezo ya namna hii.

Kwetu baridi si tishio kubwa namna hiyo. Tishio ni mkondo. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwenye milango ya miamba maji yote hayo hupita penye nafasi finyu. Mtu wa kawaida huogelea kama kilomita 2 au 3 kwa saa. Mkondo wa kilomita 4 kwa saa hauonekani wa kutisha hata kidogo, ila huwezi kuushinda kwa kuogelea. Ndiyo maana mwanafunzi huambiwa asikiache chombo: kinaelea, na kinaonekana kutoka mbali kuliko kichwa chake.

Ukikodi zile za kukalia juu, ambazo ndizo nyingi kwenye fukwe zetu, huna haja ya kujua kujigeuza chini ya maji. Ila lazima ujue kupanda tena. Vaa jaketi la kuokolea, nenda na mwenyeji anayejua maji ya hapo, ujipindue makusudi mahali ambapo miguu haigusi chini. Lala kifudifudi kukatiza chombo, piga miguu, nyonga zifike katikati, ndipo ugeuke ukae. Ukishindwa hata mara ya tatu, na bado hujachoka, siku hiyo baki karibu na ufukwe.